Dereva Amefanya Mtihani, Tajiri Je?

Kila inapotokea ajali kubwa ya basi nchini mwetu, hufuata utaratibu ambao sasa tumeuzoea. Rambirambi hutumwa, idadi ya marehemu hutajwa, picha za mabati yaliyokunjamana husambaa kwenye simu, na kabla arobaini haijafika kiongozi mmoja hutamka kwamba madereva warudi darasani. Hakuna ubaya katika kauli hiyo. Mtu anayebeba roho sitini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam hana budi kupimwa, kama anavyopimwa rubani. Ninalotaka kuuliza katika makala hii ni swali la kihistoria: huu mtihani wa dereva wa abiria umetoka wapi, ulizaliwa pamoja na nini, na kwa nini kila unapofika kwetu hufika peke yake?

Hoja yangu ni fupi. Katika historia yake, mtihani wa dereva wa abiria ulikuwa nusu moja ya sheria. Nusu ya pili ilimhusu mwenye gari: saa anazomfanyisha dereva kazi, ujira anaomlipa na mkataba anaompa. Afrika Mashariki tumeipokea nusu ya kwanza kwa mikono miwili. Nusu ya pili tumeiandika, tukaiweka kabatini.

Tuanzie London, kwa kuwa ndiko lilikotoka hata lile neno PSV ambalo madereva wetu hulitamka kila siku. Mwaka 1838 Bunge la Uingereza liliwataka waendesha magari ya farasi ya kukodi mjini London, pamoja na makondakta wa magari ya abiria, wawe na leseni na wavae beji yenye namba. Sababu ilikuwa ya kiaskari zaidi kuliko ya kiufundi: abiria aliyetukanwa, aliyeibiwa au aliyepinduliwa aweze kumtambua aliyemtendea. Tangu mwanzo, basi, sheria ilimtazama mtu aliyeshika hatamu kama mtuhumiwa mtarajiwa.

Karibu karne moja baadaye hali ilibadilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, barabara za London zilijaa mabasi ya watu binafsi, yaliyobandikwa jina la maharamia, ambayo yalishindana na kampuni kubwa kugombea abiria kituoni. Yalikimbizana, yalikatiza njia, yalijaza watu kupita kiasi. Msomaji aliyewahi kusimama kituo cha Mwenge au Mbagala saa kumi na mbili jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Serikali iliunda tume ya kifalme kuhusu usafirishaji mwaka 1928, na mwaka 1930 ikapitishwa Sheria ya Usalama Barabarani iliyounda daraja la kisheria la magari ya huduma ya umma, yaani hiyo PSV.

Sheria ile ya 1930 inastahili kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa utawala. Ilimtaka dereva wa basi, na kondakta vilevile, awe na leseni yake maalumu, inayotolewa kwa mtu aliyeonekana kuwa anafaa. Zingatia kwamba wakati huo mwenye gari dogo la kutembelea hakulazimika kufanya mtihani wowote. Mtihani wa lazima kwa madereva wapya wa kawaida ulianza mwaka 1935. Lakini sheria hiyohiyo haikuishia kwa dereva. Iliweka kikomo cha saa za kuendesha: si zaidi ya saa tano na nusu mfululizo, na si zaidi ya saa kumi na moja katika saa 24. Kisha, katika kifungu cha 93, ilimbana mwenye leseni ya njia: ujira na masharti ya kazi ya watu wake visiwe duni kuliko kile kilichokubalika na Serikali kuwa ujira wa haki. Vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji vilikuwa na nguvu zama zile, na alama za vidole vyao zimo ndani ya sheria hiyo.

Waandishi wa sheria ile walikuwa wameelewa jambo moja rahisi. Basi linalokimbizana na basi jingine haliendeshwi na dereva peke yake. Linaendeshwa pia na hesabu ya mwenye basi. Ukimfundisha dereva alama zote za barabarani, kisha ukamwacha alipwe kwa kadiri ya abiria anaowahi, umemfundisha sheria ambazo ujira wake unamlipa azivunje.

Marekani nao walifika mahali pale kwa njia yao. Hadi miaka ya 1980, udereva wa magari makubwa ulisimamiwa na kila jimbo kivyake. Katika baadhi ya majimbo leseni ya gari dogo ilitosha kuendesha basi, na dereva aliyefungiwa leseni katika jimbo moja aliweza kutoa nyingine mfukoni, ya jimbo la jirani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 ilikomesha mchezo huo: dereva mmoja, leseni moja, na mtihani wenye viwango vya taifa zima. Ifikapo tarehe 1 Aprili 1992 kila dereva wa magari hayo alitakiwa awe ameupita. Anayetaka kubeba abiria, katika gari la watu 16 au zaidi pamoja na dereva, huongezewa idhini maalumu kwenye leseni, na idhini hiyo ina mtihani wake wa maandishi na wa vitendo. Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi huko ugenini wanaoukesha usiku wakiusoma: namna ya kukagua basi kabla ya safari, milango ya dharura, mahali abiria aliyesimama asipovuke, umbali wa kusimama kabla ya reli. Na huko pia mtihani hauko peke yake. Dereva wa basi haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 10 baada ya mapumziko, na mwajiri anayemruhusu kwa makusudi dereva asiye na leseni halali ashike usukani huhesabiwa naye kuwa amevunja sheria.

Nisije nikaeleweka kwamba ninawapamba. Mwaka 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilianguka kutoka kwenye lori, kikasababisha moto ulioua watoto sita wa familia moja. Uchunguzi ulifichua kwamba dereva wa lori alikuwa amepata leseni yake Illinois kwa njia ya rushwa, na kwamba alikuwa mmoja kati ya wengi. George Ryan, aliyekuwa msimamizi wa ofisi ya leseni ya jimbo hilo na baadaye akawa gavana, alitiwa hatiani mwaka 2006 kwa makosa ya rushwa yaliyoibuliwa na uchunguzi huo. Mtihani unaouzwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtihani, kwa sababu humpa muuaji karatasi ya kumtetea.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha, swali la nani anamwajiri dereva wa basi lilikuwa na jibu jepesi. Kampuni ya DMT, iliyohodhi usafiri wa Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, ilitaifishwa, na mwaka 1974 ikagawanywa kuwa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA. Dereva wa UDA alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Alikuwa na sare, likizo na bosi mwenye ofisi inayojulikana. Mwaka mmoja kabla, 1973, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Usalama Barabarani na Sheria ya Leseni za Usafirishaji. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, ambacho hadi leo ndicho kinachotajwa kwanza pakisemwa kwamba dereva akasome. Kwa hiyo mtihani, mafunzo na ajira vilikaa chini ya paa moja, japo paa lenyewe lilikuwa linavuja.

Lilivuja kweli. Vita vya Kagera, upungufu wa fedha za kigeni na ukosefu wa vipuri viliyaangusha mabasi ya umma juu ya mawe. Watu wakapanda chochote kilichokuwa na magurudumu, yakiwamo magari yaliyoitwa chai maharage, ambayo yalibeba abiria kinyume cha sheria. Mwaka 1983 Serikali ikasalimu amri na kuruhusu mabasi ya watu binafsi kusaidia UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo mitaani iliitwa dala, na makondakta walipoinadi nauli hiyo vituoni jina la daladala likazaliwa.

Pamoja na jina hilo ulizaliwa uhusiano mpya wa kazi ambao historia yetu rasmi haijauandika inavyostahili. Mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri, hamlipi dereva mshahara. Dereva ndiye humpelekea tajiri kiasi kilichopangwa kila jioni, kinachoitwa hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta, pamoja na fedha zinazopotelea barabarani kwa majina mbalimbali, ndicho ujira wa dereva na kondakta wake. Siku yenye mvua na foleni hakuna kinachobaki. Anapochoka humwachia usukani deiwaka, kijana asiye na gari, ambaye naye hulipwa kwa safari moja au mbili. Hesabu haijui alama za barabarani. Haijui uchovu. Kazi inaanza saa kumi alfajiri na kuisha saa nne usiku, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa masharti ya kazi yake kwa maandishi.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu kuunganisha nusu mbili za sheria kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2003 Waziri John Michuki alitoa kanuni zilizoanza kusimamiwa kwa nguvu Februari 2004, ambazo matatu nyingi zilizigomea kwa siku kadhaa. Orodha yake tunaikumbuka: vidhibiti mwendo, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni, sare na beji, picha ya dereva mbele ya abiria, na madereva kupimwa upya kila baada ya miaka miwili. Wachache wanakumbuka kwamba orodha hiyohiyo iliwataka wenye matatu wawaajiri madereva na makondakta kwa ajira ya kudumu. Mstari wa manjano ulipakwa. Mikanda ilifungwa. Hesabu ya kila siku iliendelea kukusanywa kama kawaida. Yale yaliyoweza kuonekana na askari aliyesimama kando ya barabara ndiyo yaliyotekelezwa. Lile lililohitaji mkaguzi wa kazi kufungua daftari la mwajiri lilisahauliwa.

Kwetu Tanzania, mwaka wa kukumbukwa ni 2015. Machi 11, mwaka huo, katika eneo la Changarawe, Mafinga, lori lenye kontena na basi la abiria viligongana, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Miezi michache tu nyuma, Septemba 2014, mabasi mawili yalikuwa yamegongana karibu na Musoma na kuua makumi. Taifa lilikuwa na haki ya kughadhibika. Serikali ikasimamia sharti kwamba dereva anayehuisha leseni yake, jambo lililofanyika kila baada ya miaka mitatu, apitie tena mafunzo chuoni.

Ijumaa ya Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi waligoma nchi nzima. Ubungo ilijaa abiria wenye mabegi na watoto mgongoni. Magazeti mengi yaliuelezea mgomo ule kama uasi wa watu wasiotaka kusoma, na kwa mtazamo wa haraka ndivyo ulivyoonekana. Lakini madai yao yalikuwa na sehemu mbili. La kwanza lilikuwa kuhusu masomo: nani atayalipia, na dereva atakula nini wiki zile asizoendesha, ikiwa hana mshahara? La pili lilikuwa mikataba ya ajira. Walilalamika kwamba mikataba iliyowasilishwa maofisini ili gari lipate leseni ya njia ilikuwa na majina ya madereva ambao wenyewe hawajawahi kuiona. Serikali ilirudi nyuma kuhusu masomo siku ileile. Kuhusu mikataba, waliahidiwa. Mwezi Mei wakagoma tena.

Ninawaomba wanafunzi wangu waitazame tena siku ile kwa jicho la mwanahistoria. Madereva wa Ubungo, bila ya kusoma sheria ya Uingereza ya 1930, walikuwa wanadai kifungu chake cha 93. Walikuwa wanasema: ukinipima mimi, mpime na aliyenituma. Serikali ilikuwa na nafasi ya kujibu kwamba mtihani utabaki, gharama yake ataibeba mwajiri, na mkataba utasainiwa mbele ya dereva. Ilichagua kuufuta mtihani na kuuahirisha mkataba, na abiria akakosa vyote viwili.

Mtihani ulirudi kwa jina jingine. Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya mwaka 2019, iliyoiweka LATRA mahali pa SUMATRA, iliipa mamlaka hiyo jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo vya usafiri wa kibiashara. Leseni yenye daraja C, pamoja na C1, C2 na C3 kulingana na idadi ya abiria, haitoshi tena peke yake. Dereva hufanya mtihani kwenye kompyuta na akifaulu huthibitishwa. Mabasi ya masafa yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo, na dereva hupewa kitufe chake cha utambuzi ambacho hukigusisha garini ili mfumo ujue ni nani aliye kwenye usukani. Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, uthibitisho huo ulikuwa miongoni mwa masharti. Haya ni maendeleo, na anayeyabeza hajapata kusafiri na dereva asiyejulikana jina.

Dereva mmoja wa daladala, jirani yangu, aliniomba nimsaidie kujiandaa kwa mtihani huo. Tulikaa barazani jioni kadhaa tukipitia alama, sheria za kupita gari jingine, huduma kwa abiria na ukaguzi wa gari kabla ya safari. Alama alizijua kuliko mimi. Breki aliieleza kwa sauti yake inapokuwa inaanza kuchoka, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichokuwa nacho. Tulipofika kwenye saa za kazi, nikamuuliza dereva anaruhusiwa kuendesha kwa saa ngapi kabla ya kubadilishana na mwenzake. Akacheka, akaniambia: “Dokta, nijibu la kitabuni au la barabarani?” Nikamwambia ajibu la kitabuni, saa nane. Akaliandika. Alfajiri iliyofuata, saa kumi na nusu, nilisikia gari lake likiwashwa.

Jibu lake lilikuwa sahihi, na alifaulu. Lakini mtihani ule ulipima kama anaijua sheria, haukupima kama ana uwezo wa kuitii. Uwezo huo haukuwa mikononi mwake. Ulikuwa kwa tajiri wake, ambaye hakuna chumba chochote cha mtihani alichowahi kuitwa aingie.

Wapo watakaosema kwamba biashara ya daladala haiwezi kubeba mishahara. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana nauli hupangwa na mamlaka na tajiri mwenyewe mara nyingi ni mtumishi au mjane mwenye gari moja la mkopo. Hata hivyo, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam Mei 2016 yanaendeshwa na madereva wa mshahara katika mji huohuo. Matatizo ya mradi ule tunayajua, na foleni zake tumezisimamia sisi wenyewe. Lakini dereva wake hana sababu ya kufukuzana na mwenzake kugombea abiria wa Kimara, kwa kuwa abiria huyo hamwongezei wala kumpunguzia chakula cha jioni. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba tabia barabarani hufuata namna ya malipo.

Nini kifanyike? Kwanza, mtihani ubaki, na gharama yake pamoja na siku za masomo zibebwe na mwenye gari, kama sehemu ya gharama za leseni ya njia. Pili, mkataba uwasilishwe na dereva mwenyewe siku anapothibitishwa, autambue na authibitishe mbele ya ofisa, usiletwe na tajiri ndani ya bahasha. Tatu, kile kitufe cha utambuzi kinachotumika kumnasa dereva aliyezidisha mwendo kitumike pia kuhesabu saa zake. Kwa kuwa mfumo unajua nani anaendesha na tangu saa ngapi, unaweza pia kujua ni tajiri gani aliyemwacha dereva mmoja aendeshe kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza bila mwenzake. Nne, mkaguzi wa kazi na ofisa wa usafirishaji wakae meza moja. Leo mmoja anasoma sheria ya 2004, mwingine ya 2019, na dereva yuleyule anaanguka katikati yao.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji Bunge litunge sheria ndefu mpya. Wanaharakati wanajua kwamba madai ya Aprili 2015 hayajafungwa, yamelala tu. Na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende kituo cha mabasi, aombe kuonyeshwa mikataba ya madereva kumi, ahesabu ni wangapi wanaweza kuitoa. Takwimu hiyo itatusaidia zaidi ajali nyingine itakapotokea, kabla kiongozi hajasimama tena na kutuambia kwamba madereva warudi darasani.